Ukoka wa Mpendae na Ufagio wa Kidawa

Bi Mshauri, shikamoo. Nisaidie, mwenzio nyumba imenikaukia nje na ndani. Mimi ni tarishi katika afisi moja ambayo Wazungu waliondoka wakaiacha na bustani yake, na mwaka jana nilichukua vipande vya ule ukoka nikavipanda mbele ya nyumba yangu Mpendae, vikashika, uwanja ukawa kijani hadi wapita njia wakawa wanasimama, basi sasa kaskazi imeingia na jua lake, ukoka ukaanza kufa, nami nikaukata mfupi kabisa ili uchipue upya na kila siku saa sita mchana nikaumwagia ndoo sita za maji, anazoteka mke wangu Kidawa kwenye bomba la mfereji wa mtaani, na wala hauponi, kumbe kila alfajiri nikiwa msikitini yeye anaufagia kwa ufagio wa chelewa mpaka mizizi inatoka, nilipomfuma akanambia, "Kwetu Jang'ombe uwanja unafagiwa mpaka mchanga uonekane. N'nakaa na majani mlangoni, watu si watasema nshahama!" nikamjibu kwamba ukoka una adabu kuliko yeye, akachukua ufagio na ndoo zake akenda kwao, leo siku ya tisa, nami nampenda, Bi Mshauri, lakini na ukoka naupenda, nifanye nini?

Mcha, Mpendae

Marahaba, Mcha. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kucheka. Unayanyoa majani kipara katika jua la kaskazi! Hata wewe ukinyolewa ukawekwa uwanjani saa sita utabadilika rangi. Na maji ya saa hiyo unalinywesha jua. Mtunza bustani wa hapo afisini kwenu ungemuuliza ungepungukiwa na nini?

Najua inauma kitu ulichokipanda mwenyewe kikifa. Lakini Kidawa umempandia majani mlangoni bila ya kumuuliza, kisha ukamtekesha maji ya kuyamwagilia, na juu ya hayo ukamtukana. Mimi ningeondoka na mlango.

Sasa sikiliza. Uache ukoka urefuke vidole vitatu, ujitilie kivuli wenyewe. Umwagilie mara mbili tu kwa wiki, alfajiri, maji mengi yazame chini, na uyateke wewe, mtaa mzima ukuone. Kutoka mlangoni mpaka njiani ung'oe, umwage mchanga mweupe, Kidawa afagie apendavyo.

Lakini kwanza nenda Jang'ombe leo hii, umwambie umekosa, na mkirudi ndoo ubebe wewe. Ukoka ukikauka wote, masika itauotesha tena. Kidawa haoti kwa mvua.