Radi Haipigi Hodi

Mjukuu wangu Akinyi,

Pokea salamu kutoka Homa Bay. Nyanya yako amepona kifua, na mahindi yamechanua. Unauliza kama ni salama kuisimamisha antena ya redio yako ya mawasiliano.

Miaka ya sitini, yangu ilikuwa bomba refu la alumini uani, lenye kushika masafa kadhaa. Siku moja wingu jeusi lilitanda kutoka kisiwa cha Mfangano, nikauchomoa waya wa antena redioni. Ncha yake ikaanza kurusha cheche kando ya baba yako Ouma, aliyelala kitandani akiwa mchanga. Nilitaka kumchukua, miguu ikakataa.

"Baba Ouma, unangoja radi ipige hodi?" nyanya yako alinifokea. Huku akitetemeka, aliusukuma waya nje ya dirisha kwa mwiko mkavu. Papo hapo radi ikalipasua bomba.

Isimamishe. Lakini fundi akikuambia kwamba haogopi radi, mpe nauli arudi kwao.

Babu yako