Siku Nyungunyungu Walipotoka

Redempta, acha kila kitu usome hii. Bibi Mwanamvua kanisimulia sasa hivi, mwili bado unanisisimka.

Mwaka 1953, kule Kurui, mumewe, babu Zahoro, alipewa na bwana shamba magunia mawili ya mbolea ya chumvichumvi. Aliambiwa atie kidogo tu kila shina. Yeye akataka mahindi ya kushinda kijiji kizima, akamwaga yote kwenye ekari moja.

Mvua ikanyesha. Asubuhi akakuta nyungunyungu wametoka ardhini, wanajinyonganyonga, wanakufa. Shamba zima, Reda! Shamba zima!

Bibi akamwambia, "Zahoro, hao ndio waliokuwa wanakulimia."

Babu alipiga magoti akawa anawafukia kwa mikono, mmoja mmoja. Wakatoka tena.

Mahindi yakaungua. Bibi akarundika samadi ya mbuzi na majani miaka minne, mpaka udongo ukalainika na nyungunyungu wakarudi. Mihogo aliyoipanda hapo ikastawi vizuri tu.

Lakini babu hakulikanyaga tena shamba lile mpaka anakufa. Kila mvua ikinyesha, alikuwa anasimama mlangoni anamuuliza bibi taratibu, "Wametoka?"