Mama Kakataa Jina Lao

Kwa Mama Mwanamkuu,
Itetemia,
Tabora.
16 Novemba 1975

Mpendwa dada Eustadia,

Shikamoo dada. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza nimeitoa nikiwa nimekalia ndoo, haina heshima. Habari za Kigoma? Dagaa hawajambo, bado wanakataa kunenepa? Shemeji Nikolaus mzima? Na mpwa wangu Imakulata, meno yameota au bado anatafuna kwa ufizi kama babu?

Huku sisi tupo. Mimi mgongo umeshonwa kama gunia, nalala kifudifudi. Mama yu hai. Nalisema mapema maana najua bahasha umeirarua, hukuifungua. Yu hai, asubuhi hii kanywa uji na kulalamika sukari ndogo. Kwa hiyo kaa chini usome taratibu.

Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimejificha uani. Umesema umbea wa mama kuitwa mchawi umefika mpaka huko, na bombani wanawake wanasogeza ndoo zao ukifika. Umesema mama mkwe wako kamtoa Imakulata mgongoni kwako, eti maziwa ya mtoto wa mchawi. Umesema umeacha kupokea komunio. Halafu ukaniuliza, "Modest, niambie kweli, mama yetu ni nani? Na mimi je?"

Dada, darasa la tatu langu halitoshi kwa swali hilo. Nitakueleza tu niliyoyaona, mwisho tutaona jibu liko wapi.

Wewe uliolewa kabla hatujahamishwa. Zamani kule Lusu nyumba na nyumba unaita mpaka koo linakauka. Sasa kwenye kijiji cha ujamaa tumepangwa mstari kama viazi sokoni, mtu akikohoa jirani anasema pole. Mama walimpa kazi ya kupikia watu wa shamba la kijiji. Sufuria kama pipa, kuni mbichi, moshi kutwa. Macho yakamwiva, yakawa mekundu kama pilipili ya juani. Na walioshiba ule ugali ndio hao hao wakaanza kusema, "Umemwona macho yule bibi?"

Mtoto wa Silasi akashikwa na degedege, akafa. Silasi unamkumbuka, yule tuliyekuwa tunaiba naye karanga za mama huku mama anatuona. Mama ndiye aliyemshika Silasi siku ya ubatizo wake. Basi kwa uchungu Silasi akaenda kwa mganga, na mganga hakupata taabu. Kamwambia ni mwanamke wa jirani, mtu mzima, ana macho mekundu. Nani mwingine?

Mimi nilikuwa nimetoka huku Tabora kwenda kijijini na mzigo wangu: sabuni, sindano, viberiti, vioo vidogo vya mfukoni. Mama akachukua kioo kimoja, akajiangalia kwa muda mrefu. Nikamwambia kama namwambia mteja, "Bibi, kioo ukikiangalia sana umenunua." Hakucheka. Akaniuliza, "Modest, mtu anaweza kuwa mchawi bila mwenyewe kujua?"

Nikamjibu kwa utani, dada, eti ungekuwa mchawi mimi ningekuwa na gari. Akakirudisha kioo. Nikaona wameshaingia ndani yake. Wale watu walikuwa hawajamgusa bado, lakini wameshaingia.

Jumamosi hiyo jioni, jua bado lipo, ng'ombe wanarudi, mimi nikaingia bafuni, lile la nyasi nyuma ya nyumba. Nimejipaka povu mwili mzima. Sabuni yenyewe ya biashara, nilikuwa naijaribu, usinifikirie vibaya.

Nikasikia mlango unapigwa teke. Halafu sauti ya mama, "Karibuni." Ndiye mama yako huyo! Watu wamevunja mlango, yeye anakaribisha.

Nikachungulia. Wanaume watatu, nyuso zimepakwa masizi ya sufuria, wawili na mapanga, mmoja na rungu. Wamemburuta mpaka uani kwa kanga yake mwenyewe. Yule wa rungu akampiga la bega, nikasikia mfupa. Mama akaangukia mafiga, uji ukamwagika, jivu likaruka.

"Sema wewe ni mchawi!" yule mrefu akafoka. "Sema ulimla mtoto! Ukisema tunakuacha, uhame."

Sasa mimi mchuuzi, dada. Kutwa nasema maneno yasiyo na uzito: mali mpya hii, imetoka Ulaya hii, mwisho leo hii. Nikapiga kelele kule kule bafuni, "Mama, sema! Sema tu waondoke!"

Mama akajiinua kwa goti moja. Damu inamtoka mdomoni. "Mimi naitwa Apolinaria," kasema. "Jina hilo nilipewa kwa maji, mbele ya watu. Hilo lenu silijui."

Wakampiga ubapa wa panga shavuni, akaanguka tena, akajiinua tena. "Macho ya fisi hayo!" mrefu akasema. "Unayakana?"

"Nyie mnaangalia macho," mama kasema. "Aliyeniumba aliniona kabla sijayafungua."

Panga likashuka. Mama akainua mkono wa kulia kukinga kichwa. Vidole vitatu vikaangukia kwenye jivu. Nakuandikia hivyo hivyo maana ukija utauona mkono, afadhali uanze kuuona leo.

Hapo nikatoka. Nilivyo. Nimeshika mchi wa kinu na povu mpaka masikioni. Yule mrefu nikamtandika wa shingo, panga likamtoka mkononi. Wa rungu akanikumbata kwa nyuma, nikamponyoka kama kambare, sabuni ile ni nzuri kweli kweli. Nikamrudia kwa mchi mdomoni, akatema meno. Wa tatu alikuwa anarudi nyuma, panga lake halijapata kazi, nikageuka kumfuata, na yule mrefu akawa ameokota lake akanipasua mgongo kutoka bega mpaka kiunoni. Sikusikia maumivu. Nilisikia joto tu, kama mtu amenimwagia chai.

Nikapiga yowe.

Unajua yowe la kwetu. Likipigwa, kila mwanamume atoke na silaha yake, na asiyetoka ataulizwa alikuwa wapi. Wale watatu wakatawanyika kwenye mabua ya mtama. Kijiji kizima kikaja na marungu, na mishale, na mbwa.

Na Silasi akaja. Ana upinde, uso umeoshwa, maji bado yanamdondoka kidevuni. Anauliza kwa sauti kubwa kuliko wote, "Wamepita wapi? Jamani, wamepita wapi?"

Mama alikuwa amelala ubavu, wanawake wanamfunga mkono kwa kitenge. Akamwangalia. "Silasi," kasema, polepole kabisa, "nawa na nyuma ya sikio, mwanangu."

Watu wote wakaliangalia sikio. Masizi yale pale, na watu nilikuwa nimeshawaambia wale watatu walijipaka masizi.

Dada, sijapata kuona kitu kama kile. Kijiji ambacho asubuhi kilikuwa kinampisha mama njiani kama ana ndui, sasa kinataka kuua kwa ajili yake. "Muuaji! Muuaji!" Jiwe la kwanza likampasua nyusi. Rungu likamvunja mkono, upinde ukaanguka. Akapiga magoti. Mateke mbavuni, mateke usoni. Hata wale waliomwambia aende kwa mganga walikuwepo wanapiga, tena hao ndio walipiga kwa bidii. Na mimi nilikuwa mbele yao wote. Nimeshainua mchi, nimeshachagua pa kupiga: utosini, pale pale palipomwagiwa maji siku ile ya ubatizo.

Mama akatambaa. Sijui nguvu alitoa wapi. Akapita katikati ya miguu ya watu, damu inachora mstari nyuma yake, akajilaza juu ya magoti ya Silasi. Ukimpiga Silasi, unampiga yeye.

"Na huyu msimpe jina," kasema. "Nilimshika mimi siku ile. Najua Mungu alimwitaje."

"Mama, toka!" nikamfokea. Nilimfokea mama, dada, mchi uko juu. "Toka nimmalize!"

Akaniangalia kuanzia chini mpaka juu.

"Modest," kasema, "kwanza kavae."

Mwanamke mmoja akacheka. Alicheka huku analia, ile ya kubanwa puani. Mwingine akafuata. Mzee mmoja akavua koti lake akanirushia, akageuza uso pembeni kwa aibu. Na mimi nikasimama pale na mchi wangu, nikaona ghafla ni mzito, nikauweka chini. Mtu hawezi kuua akiwa amejifunga koti la mzee wa watu kiunoni. Na wengine nao marungu yakashuka, moja moja, kila mtu akijifanya anajikuna.

Silasi akawa analia, "Mayu, mayu," kama alivyokuwa anamwita akiwa mdogo, hana mtu mwingine wa kumwita mama. Akavua shati, wakaongezea kumfunga mama mkono. Tulimbeba mama kwa kitanda mpaka barabarani. Silasi alishika mguu mmoja wa kitanda kwa mkono wake mzima, njia nzima, na hakuna aliyemfukuza. Angeweza kukimbia gizani. Hakukimbia. Lori la pamba likatuchukua mpaka Nzega, mama akashonwa, mimi nikashonwa, na Silasi akaenda mwenyewe polisi akawataja wale wawili. Sasa wote watatu wako mahabusu hapa Tabora wanangoja kesi, na mama nimemleta huku kwangu.

Usije ukadhani mimi nimekuwa mtakatifu. Sijamsamehe. Mama ananituma nimpelekee sabuni kule, nampelekea, lakini nampa ile isiyotoa povu.

Tulipokuwa hospitali nilimuuliza. Nikasema, mama, kwa nini hukusema tu ndiyo? Ungepona vidole. Akanijibu, "Ningepona vidole, halafu nani angekuwa na hivyo vidole?" Akavuta shuka kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema, "Ile siku ya kioo nilikuwa nimeshaanza kuamini. Lakini nilipoona panga, nikajiuliza, hivi nikifa sasa, Mungu ataniita nani? Nikajua hataniita hilo lao. Basi na mimi nikaona nisilikubali."

Dada, ndiyo jibu la swali lako, sina jingine. Nililichekecha kichwani siku nyingi, nikaliona hata kwenye biashara yangu. Mteja anakuja, anaminya sabuni, ananusa, anasema hii takataka. Anaondoka. Sabuni imebadilika? Ni ile ile. Aliyeitengeneza anajua alichotia. Sasa wale wa bombani wamekuminya na kukunusa, wamesema walilosema. Je, walikuwepo Mungu alipokutengeneza? Walitia nini? Hata ndoo ya maji hawakuchangia.

Umebatizwa, Eustadia. Umeitwa "mwanangu" na Yeye mwenyewe, na hajawahi kulirudisha neno lake. Yeye hajakuona leo kwa kusikia umbea wa bombani. Mama yako amekatwa vidole kwa kulishikilia jina lake, na wewe unataka kuliachia lako kwa sababu mama mkwe kakunja midomo? Nenda kapokee komunio. Nenda na uso juu, wakisogea pembeni utapata nafasi nzuri ya kukaa.

Shemeji Nikolaus, najua na wewe unasomewa hapa. Nakuheshimu, lakini umekaa kimya mno. Mtoto arudishwe mgongoni kwa mama yake. Mimi nina mchi, na siku hizi navaa kabisa kabla ya kutoka.

Mama anajifunza ishara ya msalaba kwa huo mkono uliobaki na dole gumba na kidole kidogo. Unapita usoni kama pembe za mbuzi. Mara ya kwanza aliuficha chini ya kanga kanisani. Jumapili ya leo ameutoa nje, akafanya taratibu, paji, kifua, bega, bega. Katekista wa huku, Dionis, alimwona akasahau alipofika kusoma.

Anakutaka uje kabla ya Noeli, na mtoto. Anasema mkono wa kushoto bado unabeba. Panda treni, mimi nitakuwa stesheni. Kuna watu wa kijijini wanauza maembe pale, watakuuliza kama kawaida yao, "Wewe wa nani?" Mama kaniagiza niandike jibu lako, nami naliandika kama alivyolisema: "Mwambie ajibu kwa sauti, mimi ni wa Apolinaria, na Apolinaria ni wa Mungu. Aseme asipepese."

Msalimie shemeji, hata kama amenuna. Msalimie mama mkwe wako pia, mama kasisitiza, mimi nisingeliandika. Imakulata umbusu ufizi. Huku Mama Mwanamkuu, mwenye nyumba yangu, anakusalimu sana. Tangu tufike analeta uji na kusema sisi wageni wake wa Mungu, kodi tusimtajie mpaka mgongo ufunge.

Mungu akuangalie leo kwa macho yale yale aliyokuangalia nayo kabla hujazaliwa.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda kwa mgongo mbovu na moyo mzima, na niliyevaa nguo zote,

Modest