Nacho Ukutani

Seattle, 3 Machi 2002

Mama mpenzi,

Naomba baraka zako. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila mvua ya huku haina adabu.

Kiatu chetu cha Correo kinatimiza miaka thelathini, na kampuni imenipa mimi kukisanifu upya! Kilibuniwa kwa wakimbiaji wa masafa marefu: soli nene, kisigino kisiumie. Wao walipokichoka, sisi vijana wa mtaani kwetu Boyle Heights tukakipokea, kilikuwa rahisi na kilipendeza na suruali iliyonyooshwa pasi. Nimewaeleza wakubwa hayo yote, nikawaonyesha ile picha ya kaka Nacho amechuchumaa mbele ya nyumba, amevaa Correo zake. Wameipenda mno.

Mwanao,
Rubén

Los Angeles, 20 Mei

Rubén,

Mungu akubariki. Magoti hayajambo, moyo ndio mgonjwa. Natoka kununua mikate ya tortilla, nainua macho, namwona marehemu mwanangu ukutani, kwenye tangazo la viatu vyenu, mkubwa kuliko kanisa! Ulimwomba nani ruhusa? Kwa viatu hivyo hivyo shule ilimfukuza, polisi wakamlaza kifudifudi barabarani, wakimwita mhuni. Nikamzika navyo, nimevisugua mwenyewe kwa mswaki. Leo uhuni umekuwa pambo la kuuzia? Huna haya hata kidogo?

Mama yako

Seattle, 2 Juni

Mama,

Naomba baraka, ingawa sistahili. Unalala salama siku hizi? Nilidhani namheshimu kaka. Nisamehe. Leo hii nawaandikia wakubwa waibandue picha hiyo.

Mwanao,
Rubén

Los Angeles, 11 Julai

Rubén,

Mungu akulinde. Mimi sijambo. Wewe acha kuwaandikia! Majirani wameweka mishumaa na maua chini ya ukuta, Doña Licha analeta tamales za moto tule. Kila jioni nabeba kiti changu, nakaa na Nacho, namsimulia ya mtaani. Bado nimekukasirikia, tena sana. Lakini mwache hapo alipo.

Mama yako

Los Angeles, 19 Agosti

Rubén,

Sikuulizi hali. Wamekuja Ijumaa na ngazi. Nikawaambia hatutaki abanduliwe. Kijana wao akajibu, "Bibi, familia yenyewe ndiyo iliyoomba." Familia! Barua yangu uliiweka wapi? Niliishika karatasi kwa mikono miwili, wakavuta, ikachanika. Mimi nimebaki na kipande chenye viatu. Uso wameutupa kwenye lori la taka.

Nacho amenifia mara mbili, na mara zote mbili wewe hukuwepo.

Mama yake Nacho