Kanzidata Tatu na Duara Moja

Nkende, Tarime
14 Aprili 2019

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya, na lile goti halikusumbui huko Ukerewe. Dada Sarah anaendeleaje baada ya uzazi? Na mjukuu wako, ananyonya vizuri? Sisi huku hatujambo. Mvua imeshika kwelikweli, mahindi yako ya nyuma ya nyumba yamenifika kiunoni, na kuku wako wameamua kwamba kitanda changu ndicho mahali pa kutagia.

Siku unaondoka uliniuliza kazi ninayofanya kwa mzee Abubakari ni kazi gani hasa, nami nikakujibu kwa haraka haraka kwa kuwa gari lilikuwa linapiga honi. Leo nina nafasi, nitakueleza vizuri, maana kazi hiyo imetuletea makubwa.

Unajua tangu rashi ya dhahabu ilipoanza, watu wakamiminika machimboni, kila mtu anachimba duara, yaani shimo la dhahabu, na kila duara lina maji. Mzee Abubakari akaona afadhali akodishe pampu kuliko kushika sururu. Marwa wa Mugumu naye ana pampu zake, na mama Bernadetha wa Natta ana zake, tena nyingi kuliko za wote. Kila mmoja ana kanzidata yake, yaani ghala la taarifa ndani ya kompyuta, linaloonyesha pampu ipi iko wapi na ipi imerudi. Mzee Abubakari akaniambia anataka programu moja, ili mchimbaji akipiga simu dukani, tumtazamie pampu za wote watatu kwa pamoja.

Mimi kwa akili zangu nikasema basi tuhamishie kila kitu kwenye kanzidata moja. Mama, ungemsikia Marwa! Alisema tangu lini Mkurya akalaza ng'ombe wake kwenye zizi la jirani. Bernadetha hata hakubishana, alisema tu kwamba yeye atakaa pembeni kwanza aone kama hao wawili watapigana.

Nikarudi kwenye meza yangu nikiwa nimenuna. Programu yangu ya kwanza ilijua njia moja tu, ya kwa Abubakari, na njia hiyo nilikuwa nimeiandika ndani kabisa, katikati ya kazi zote. Kumwongeza mtu kulitaka niifumue nzima. Basi nikaifumua. Safari hii njia zote nikaziweka nje, kwenye faili dogo la mipangilio: jina la kanzidata, mahali ilipo, nenosiri la kuingilia. Seva inasoma faili hilo, inakwenda kubisha hodi kwa kila mmoja, na kila mtu anabaki na mali yake nyumbani kwake. Kwa hilo Marwa akakubali, Bernadetha akabaki pembeni akitazama.

Haikukubali mara moja. Siku ya kuwaonyesha, umeme ulikatika Mugumu, na kwa kuwa kwa Marwa hakukuwa na jibu, programu yote ikasimama kama punda aliyegoma. Abubakari akaniuliza kwa upole kama nayo imekwenda kula chakula cha mchana. Nikarekebisha, sasa asiyeitika haraka anaachwa, wengine wanaendelea.

Wiki iliyopita, asubuhi, mchimbaji mmoja alipiga simu dukani akihema. Maji yalikuwa yamepasua ukuta na kuingia duarani, na vijana watatu walikuwa chini. Walikuwa wamepanda kwenye kishimo cha pembeni juu ya maji, wenzao waliwasikia wakigonga mwamba, lakini maji yalizidi kupanda na pampu iliyokuwepo ilikuwa imeungua. Ilitakiwa pampu kubwa, ya kuvuta kutoka kina kirefu, tena upesi.

Nikatafuta. Za Abubakari zote zilikuwa mbali kazini. Za Marwa zilizokuwa huru zilikuwa ndogo. Abubakari akampigia Bernadetha, aliyekuwa kwenye mkutano wa kanisa Musoma, akaweka simu sauti ya juu. Bernadetha akasema kwa masikitiko kwamba pampu zake kubwa zote ziko Natta, na kwa barabara ilivyoharibika zitafika jioni. Ila akasema karani wake ndiye anayezipanga, na simu yake haipatikani. Hapo nikamwomba aniruhusu niunganishe kanzidata yake, nione mwenyewe. Akakubali papo hapo. Ningekuwa na programu ile ya zamani ningelia tu. Sasa kilichotakiwa ni mistari michache kwenye faili la mipangilio.

Akanitajia mahali ilipo. Nilipomwomba nenosiri, akauliza kama ni lazima. Nikamwambia ni lazima. Akasema kwa sauti ya chini, “Abubakari mjanja. Yote pamoja.”

Mzee Abubakari alinitazama, akasogea karibu na simu. “Andika, binti yangu, andika tu. Dada Bernadetha, hiyo mjanja ni herufi kubwa au ndogo?”

“Kubwa,” akajibu Bernadetha. “Nisamehe, kaka.”

Nikawasha seva upya. Kwa Bernadetha kukaitika, na pampu kubwa moja ikajitokeza: ilikuwa imemaliza kazi kwenye kisima cha kanisa hapa hapa Nkende, inangoja kurudishwa. Mwenyewe hakuwa na habari. Abubakari alikuwa ameshachukua funguo za pikapu kabla sijamaliza kusoma.

Nilikwenda nao, Mama. Pampu ilinguruma mpaka alasiri, watu wamezunguka shimo. Kisha kamba ikavutwa. Akatoka wa kwanza, akatoka wa pili, wanawake wakapiga vigelegele. Wa tatu alitoka tope tupu, mkono mmoja umening'inia. Alinitazama kwa yale macho meupe, akasema, “Dada Rhobi, usimwambie mama.”

Ndiyo, Mama. Ni Mniko wetu. Yale mambo ya kupiga vigae Musoma aliyotuambia hayakuwepo. Alikuwa duarani tangu mwaka mpya, na mimi niliamini kama wewe. Nilimshika nikalia, nikamtukana, nikalia tena. Mkono umevunjika, umefungwa plasta, na daktari amesema utaunga vizuri. Sehemu nyingine zote ni nzima, tumbo hasa. Anasema hashuki tena. Mimi siapi kwa niaba yake, atakuapia mwenyewe.

Nimeyaandika kwa sababu kwa simu ungenikatiza njiani, na moyo wako ungeruka kabla sijafika kwenye kupona. Ndiyo maana nimemtuma Mniko mwenyewe akuletee barua hii, na najua ulipoiona plasta ulipomfungulia mlango ulimuuliza imekuwaje, naye akakuomba usome kwanza. Nilimwapisha afanye hivyo. Amesimama hapo mbele yako, Mama. Mguse.

Msalimie sana dada Sarah na shemeji, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Mzee Abubakari anakusalimu, na Bernadetha pia, ambaye amebadilisha nenosiri na hataki kuniambia jipya linasemaje.

Mpe Mniko chakula kwanza. Fimbo baadaye.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Rhobi