Kumchagulia Mjomba Meli

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kustaafu hakujaanza kukuchosha kuliko kazi yenyewe. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, na anasema ukiendelea kuparamia paa kuziba matobo, atakuja mwenyewe kukushusha.

Nina jambo. Kwa miaka thelathini na moja umezamia bandarini, ukikwangua na kuchomelea matumbo ya meli katika maji ambayo, kwa maneno yako mwenyewe, mtu haoni hata kidole chake. Kwa kazi hiyo ulinilea tangu baba alipofariki hadi nikavaa joho. Nimesoma mengi juu ya shukrani, na wote walioandika wanakubaliana kwamba kuisema tu hakutoshi. Basi mimi na mama tumeamua: utakwenda kuzamia mahali penye maji maangavu. Usiulize bei, mama amenikataza kuitaja.

Zipo meli ambamo wazamiaji hulala, hula na kuzamia humohumo kwa siku kumi, zikizunguka atoli za mbali, yaani visiwa vya matumbawe vilivyojikunja kama pete na kuacha bahari tulivu katikati. Nimelinganisha tatu. Ya kwanza ina vyumba vya kifahari. Ya pili ni kuukuu, na picha zake zimepigwa na mtu mwenye haraka. Ya tatu hufika mbali kupita zote, siku mbili kutoka nchi kavu ya karibu. Mimi naitetea ya tatu, na niko tayari kubishana: mtu akishaamua kwenda mbali, kuna haja gani ya kuishia njiani? Fomu nimekwisha kuzijaza. Kilichobaki ni neno lako.

Mpwa wako akupendaye


17 Februari

Mpwa wangu, Bwana Shahada,

Marahaba. Mimi mzima, na paa halivuji tena, mwambie dada yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeketi. Ahsante, mwanangu. Ahsanteni nyote wawili.

Lakini umenichagulia meli kama mtu anayechagua kochi. Mimi nimelala juu ya kamba za tishari, usiniuzie mto. Waulize haya. Kompresa inayojaza mitungi ya hewa ya wazamiaji inavuta hewa wapi? Kama mdomo wake uko karibu na bomba la moshi, wageni wao wanavuta moshi chini ya maji. Oksijeni ya dharura ipo ya saa ngapi? Na mtu akipatwa na maradhi ya kupanda upesi kutoka kilindini, chumba cha shinikizo cha kumtibia kiko umbali gani? Wewe unazisifu siku mbili kutoka nchi kavu. Siku mbili hizo mgonjwa anazihesabu vingine.

Na hizo fomu, umejaza nini?

Mjomba wako


8 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Habari za afya na za majirani? Sisi tuko salama.

Nimewauliza. Meli ya kwanza wamenitumia orodha ya vyakula. Ya tatu wamenijibu kwamba hakuna mgeni aliyewahi kuuliza swali la hewa, kana kwamba hilo ni jibu. Ya pili nimejibiwa na fundi wao wa mitambo, mama mmoja wa maneno machache, aliyenichorea kwa mkono mahali kompresa ilipo, upande wa pili kabisa wa bomba la moshi. Kuhusu oksijeni na umbali amenipa saa na maili. Nasalimu amri, ingawa nashikilia kwamba picha zao ni mbaya. Iwe ya pili.

Fomu ni mambo ya kawaida: umri, uzoefu, afya. Katika maswali ya afya nimeandika "hapana" kote, maana tangu nikufahamu sijakuona ukilala kitandani kwa ugonjwa. Nakala hii hapa.

Mpwa wako


12 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Wiki ya tano hii sijapata jibu. Mama amekupigia simu, ukamwambia u mzima, ukakata. Je, nimekosea meli? Au ni mimi niliyekukosea? Ukinitukana nitastahimili, ukinyamaza sijui nishike wapi.

Mpwa wako


3 Mei

Mpwa wangu,

Mimi mzima. Nilikuwa na hasira. Nimeanza barua tatu nikazichana.

Swali la tisa linauliza kama mzamiaji amewahi kupatwa na maradhi ya kupanda upesi. Umeniandikia hapana. Nilipatwa, mwaka ule ulipoingia sekondari. Nyinyi niliwaambia nimetegua bega kwa kubeba mzigo. Tangu hapo bega hunikaza, na sikio la kushoto limefunga duka nusu.

Hukujua, na kosa la kuficha ni langu. Lakini hukuuliza. Kulikuwa na mwenzangu wa zamu, tukimwita Kasuku kwa maneno yake mengi. Karani alimjazia fomu ya afya kwa nia njema, asije akakosa kazi: hapana, hapana, hapana. Pafu lake lilikuwa na kovu, likampasukia majini. Mimi ndiye niliyempandisha. Aliishi siku mbili. Na karani yule hakuwa na shahada.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa daktari wa wazamiaji, nikamjibu ukweli wote. Akanipima, akakunja karatasi zake, akasema, "Mzee, mtungi basi."

Kwa hiyo futa safari. Shukrani yangu kwenu haipungui hata kidogo. Ila nakiri kwamba miwani ya kuzamia nilikuwa nimekwisha kuinunua.

Mjomba wako


20 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Bega linaendeleaje? Naliulizia leo, miaka mingi baada ya siku niliyopaswa kuliulizia.

Nimetafuta hoja ya kujitetea, kazi ambayo kwa kawaida hainishindi. Safari hii sikuipata. Niliona kwamba kukupenda kunatosha kukujibia. Nisamehe.

Nimemwandikia yule fundi na kukiri nilichokifanya. Amejibu: "Heri umesema meli ikiwa bado imefungwa gatini." Kisha akaeleza kwamba wana njia nyingine, ya atoli za karibu, ambako matumbawe hupanda hadi mita moja chini ya uso wa maji. Mtu mwenye miwani na mrija wa kupumulia hulala juu ya maji akaona yote, bila mtungi, daktari wake akikubali. Nikambishia: je, hiyo si nusu ya safari? Akajibu, "Kijana, muulize yeye."

Basi nakuuliza. Fomu mpya nimeiambatanisha, tupu. Mimi sipati likizo, ila mama yuko tayari kukusindikiza, ingawa anaogopa hata beseni. Ukisema hapana, nitaipokea bila kubishana, ahadi ambayo sijawahi kumpa mtu yeyote.

Mpwa wako


6 Septemba, melini

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mama yako mzima. Amevaa boya tangu tulipopanda. Halivui hata mezani. Nahodha anamwita Amiri Jeshi, naye ameanza kuitika.

Daktari aliniruhusu kulala juu ya maji tu, akaweka sahihi yake chini ya yangu.

Siku ya kwanza nilishuka kwa ngazi, nikalaza uso majini, nikakaa hivyo muda mrefu. Kiongozi wetu akanigonga begani, lile zima: "Mzee, mbona umefumba macho?" Sikujua kama nimeyafumba. Kule bandarini sote tulifumba. Macho wazi yalituchanganya tu, mikono ikasahau kazi. Nikayafumbua.

Usinitake nikueleze. Wewe una maneno mengi kuliko mimi, utakuja ujionee mwenyewe. Nitakwambia dogo tu. Leo asubuhi wenye mitungi walikuwa chini yangu, mita kumi na tano hivi, na nimewaona wote hadi vidole vyao. Nilidhani nitawaonea wivu. Mapovu yao yakapanda, yakakua makubwa kama sahani, yakanipasukia tumboni moja baada ya jingine, nami nikacheka ndani ya mrija hadi nikanywa maji. Dada yangu akapiga kelele kwamba nazama. Mabaharia wawili wakaruka kuniokoa, wakanikuta nacheka.

Ahsante, mwanangu. Naandika nimeketi ngazini, miguu majini, na mama yako ananiita tena nitoke nile, mara ya tatu hii, na wino umeanza kulowa. Mwache aite.

Mjomba wako