Kona ya Lantz kwa Gia ya Tatu

Bonde la Birch, West Virginia
14 Januari 1995

Kwa mpwa wangu Lonnie,

Salamu nyingi zivuke milima zikufikie huko hospitali ya Morgantown. Mimi ni mzima, ila goti linalia baridi ikizidi. Mgongo wako je? Na miguu, haijaanza hata kuwasha? Mama yako Nedra bado hasemi nami. Tangu tumzike mdogo wako Wade mwezi wa kumi, dada yangu huyo hunipita dukani kama gunia la viazi. Simlaumu. Gari lilikuwa langu, na funguo nilikupa mimi.

Sasa sikia. Lile gari langu la mbio, Corvette, nimelirudisha gereji. Kijana wa bima, kavaa tai, akasema hilo ni takataka. Nikamwambia mwanangu, takataka ni hiyo tai. Boneti ilikuwa imepasuka kama ganda la yai. Unajua bodi lake si bati, ni fibaglasi, haligongwi kwa nyundo. Unatandika kitambaa na gundi, unapiga msasa, unatandika tena. Chesisi ndiyo ilikuwa imepinda. Nikaifunga kwa mnyororo kwenye mwaloni wa nyuma, nikaivuta kwa lori. Usibishe: chesisi ilinyooka, na mwaloni ukahama hatua mbili. Sasa kivuli chake kinaangukia kwa jirani, na jirani anadai ni chake.

Chini ya viti nimekuta vitu vyenu: miwani ya Wade, kaseti tatu, na vikorokoro. Vyote viko kwenye boksi. Ukirudi nyumbani utalikuta linanguruma, na nitakufungia breki na mafuta ya kushika kwa mkono badala ya kukanyaga kwa mguu. Niliacha shule darasa la nane kwa sababu mwalimu aliishiwa cha kunifundisha, hilo halinishindi.

Ni mimi mjomba wako,
Denzil


Morgantown
2 Februari 1995

Mjomba, shikamoo.

Natumaini goti limepoa. Mimi naendelea. Barua yako niliwasomea wauguzi, na mmoja alicheka mwaloni ule hadi akamwaga dawa. Miguu bado kimya. Nimejifunza kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu bila kushikwa.

Nina swali moja. Tangu tuko wadogo umetusimulia ulivyoipita Kona ya Lantz kwa maili tisini na tano kwa saa, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika mkate wa peperoni, ule wenye soseji ndani. Mimi niliingia na tisini. Tisini tu, Mjomba. Wewe ulikuwa gia ya ngapi? Breki uliigusa? Mchana kutwa naipita kona ile kichwani, na kila mara tunaishia kwenye ule mti. Mama akija ananiuliza ilikuwaje. Nikijua nilikosea wapi, nitamwambia.

Mpwa wako,
Lonnie


Bonde la Birch
11 Februari 1995

Mpwa wangu,

Marahaba, tena marahaba. Goti limepona, nimelipaka grisi ya beringi, na sasa napanda ngazi kuliko mbuzi. Kula vizuri, hata kama chakula cha hapo hakina chumvi.

Injini imewaka! Niliweka rediata mpya, pampu ya maji nikaitoa kwenye gari la marehemu mchungaji, na kabureta nikaisafisha kwa mswaki wangu mwenyewe. Ilipopiga kelele, kuku wa bonde zima walitaga siku hiyohiyo, na waliokuwa majogoo wakajaribu.

Kuhusu kona. Gia ya tatu, mwanangu. Unaingia kwa nje, unakata kwa ndani. Breki sikuigusa, breki ni za wajane. Lakini hayo yaache. Nenda na mazoezi.

Mjomba wako,
Denzil


Morgantown
20 Februari 1995

Mjomba, shikamoo.

Natumaini hujambo. Mimi sijambo.

Hata mimi nilikuwa gia ya tatu. Niliingia kwa nje, nikakata kwa ndani, na breki sikuigusa. Kwa hiyo gari lilikuwa sawa, na barabara ilikuwa sawa. Kilichobaki ni mimi. Nimemwambia Mama hivyo.

Asante kwa kunijibu. Ya gari usiniandikie kwa sasa.

Mpwa wako,
Lonnie


Bonde la Birch
2 Aprili 1995

Mpwa wangu Lonnie,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mwezi wa tatu nilikuandikia mara mbili, na najua kwa nini hukujibu. Hii isome hadi mwisho, halafu uichane ukitaka.

Gari limekwisha kutengenezwa. Jana nililipeleka Kona ya Lantz. Nilitaka angalau mara moja ile hadithi iwe kweli. Nilipofika maili hamsini na mbili mguu wenyewe ukakanyaga breki, na nikasimama palipo na msalaba wa Wade, chini ya ule mti.

Sikuwahi kuipita kona ile, Lonnie. Mwaka 1979 giaboksi ilinivunjikia juu mlimani. Mzee Hobart Sizemore alinishusha kwa lori lake la kuvuta magari, maili ishirini kwa saa, gari linaning'inia nyuma, nami nimekaa kando yake nakula mkate wa peperoni. Katika hadithi yote, mkate ndio wa kweli. Hobart akafa, na mimi nikabaki na kona peke yangu.

Haina gia ya tisini kona ile. Hukukosea kuendesha. Ulikosea kuniamini.

Na vile vikorokoro. Chini ya kiti cha dereva nilikuta mkate wa peperoni kwenye karatasi ya duka, umeng'atwa mara moja. Niliuona Januari. Februari nikakuandikia gia ya tatu, na mkate uko mezani mbele yangu.

Leo nimekwenda kwa mama yako nikamwambia yote nikiwa mlangoni. Alifunga mlango taratibu. Heri angeubamiza.

Mjomba wako,
Denzil


Morgantown
19 Aprili 1995

Mjomba,

Nimepata barua. Afya yangu ni ileile.

Wewe umesema, na mimi niseme. Tulipokuwa tunashuka mlima, Wade aliniambia, "Punguza, kaka." Nikamwambia, "Mjomba alipita hapa na mkono mmoja." Akacheka. Akafungua karatasi, akanipa mkate, akasema, "Basi shika na huu, usimwaibishe." Nikaung'ata. Hakusema neno jingine.

Polisi sikuwaambia, wala Mama.

Hizo breki za mkono usizifunge. Sitaliendesha. Wala usiliuze. Liwashe kila Jumapili, na ulisikilize. Na usimsimulie mtu yeyote habari zake, iwe dukani au kwa kinyozi. Ukitaka kuniandikia, niandikie kilichotokea tu. Hata kikiwa kidogo.

Lonnie


Bonde la Birch
30 Aprili 1995

Lonnie,

Natumaini umeamka salama. Goti bado linauma, grisi haikusaidia.

Leo Jumapili, mvua. Gari limewaka mara ya tatu kujaribu. Nililiacha dakika kumi, nikalizima. Mama yako alikuwa amesimama barabarani na mwavuli. Alisikiliza, akaenda zake.

Mwaloni uko palepale. Haukuhama.

Mjomba wako,
Denzil